ZIWA NI KUBWA, LAKINI SAMAKI WANAKAA WAPI?
(Uvuvi wa taa hapa Kalemie)



Kila mwezi linafika juma moja ambalo ndakala mbichi zinakuwa haba sokoni na bei inapanda. Ukiuliza, mama wauzaji wanajibu kwa neno fupi: "Mwezi unawaka." Wengi wetu tumekua tukisikia neno hilo. Tena wengi wetu minervali yetu inatoka katika beseni la ndakala. Lakini ukiuliza darasani kwa nini mwezi unamzuia mvuvi kupata samaki, majibu yanakuwa mengi na hayapatani. Mmoja anasema samaki wanaogopa, mwingine anasema wamelala.

Kuna neno lingine tunalosikia sana pale ufukoni: "Ziwa ni kubwa, samaki haziwezi kuisha." Katika ukurasa huu tunataka kueleza maneno hayo mawili. La kwanza ni kweli na sababu yake inajulikana. La pili si kweli, na inafaa sisi tunaokula na kusoma kwa samaki tujue kwa nini.

1. NYUMBA YA ETAJI KUMI NA TANO

Ziwa Tanganyika lina urefu wa km 673 hivi, na eneo la km² 32 900 karibu. Kina chake kinafika m 1 470. Duniani ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina, nalo ni Baikal, kule Urusi. Nchi 4 zinagawana maji haya: Kongo yetu ina sehemu ya 45 kwa 100, Tanzania 41, Burundi 8, na Zambia 6.

Mtu akisikia m 1 470 anafikiri kwamba samaki wamejaa kutoka juu mpaka chini. Sivyo. Samaki, sawa na sisi, anahitaji kupumua oksijeni. Oksijeni inaingia majini kutoka hewani na kutoka kwa mimea midogo sana inayoelea mahali penye jua. Basi inapatikana juu tu. Katika ziwa letu, ukishuka m 100 upande wa kaskazini, au m 200 hivi upande wa kusini, oksijeni inaisha. Chini ya hapo maji yana gesi yenye harufu ya yai bovu, na hakuna samaki anayeweza kuishi humo.

Tufananishe ziwa na nyumba ya etaji 15, kila etaji m 100. Samaki wote, wakubwa kwa wadogo, wanakaa katika etaji ya juu kabisa na labda ile inayofuata. Etaji zingine zote zimebaki tupu. Ndiyo sababu hatuwezi kupima utajiri wa ziwa kwa kina chake.

2. TUTAZAME ZIWA LA BARIDI

Kwa nini maji ya chini hayapati oksijeni? Ili tuelewe vizuri, tutazame kwanza maziwa ya nchi za baridi, kwa mfano Canada na kaskazini mwa Marekani. Kule, wakati wa baridi kali, uso wa ziwa unaganda na kuwa barafu ngumu. Barafu nzuri yenye unene wa sm 10 inaweza kumbeba mtu. Wavuvi wanatembea juu yake kwa miguu, wanatoboa tundu, wanateremsha ndoana na kungoja. Samaki mmoja wanayemtafuta sana ni yule ambaye watu wa Québec wanaosema Kifaransa wanamwita touladi. Ni samaki mkubwa wa maji baridi, na katika miezi ya joto hukaa chini sana.

Touladi anaweza kukaa chini kwa sababu maji ya kule yanageuka. Katika somo la fizika tunajifunza kwamba maji yanakuwa mazito zaidi yakiwa na digri 4. Yakishuka chini ya hapo yanakuwa mepesi tena, ndiyo maana barafu inaelea juu na haizami. Barafu inapoyeyuka na uso wa ziwa kufika digri 4, maji ya juu na ya chini yanakuwa na uzito mmoja. Hapo upepo unayachanganya mpaka chini, na oksijeni inashuka. Kabla ya baridi kurudi, jambo hilo linatokea tena. Maziwa mengi ya kule yanageuka mara 2 kila mwaka.

Hapa kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Maji ya juu yana digri 24 mpaka 28, na ya chini kabisa yana digri 23 na nusu hivi. Maji ya moto ni mepesi, yanabaki juu. Maji ya chini ni mazito zaidi, yanabaki chini. Upepo wetu unachanganya sehemu ya juu tu, ziwa zima halipati kugeuka. Kwa hiyo mvuvi wa touladi anatafuta samaki chini ya barafu, na mvuvi wetu anatafuta samaki chini ya giza. Lakini shida yao ni moja: hawaoni samaki, basi wanapaswa kujua tabia zake.

3. TABIA YA NDAKALA

Samaki tunaowaita ndakala ni wa aina 2. Aina ya kwanza wataalamu wanaiita Stolothrissa, ndiyo ndakala yenyewe. Ya pili ni Limnothrissa, ambayo wavuvi wetu wanaiita lumbu. Warundi wanasema ndagala, Watanzania wanasema dagaa, na watu wa Zambia wanasema kapenta. Lumbu amesafiri mbali. Mwisho wa miaka ya 1950 alipelekwa katika ziwa Kivu, ambako sasa anaitwa sambaza. Katika miaka ya 1960 akapelekwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wanaokula sambaza wanakula mtoto wa ziwa letu.

Ndakala anakula wadudu wadogo sana wanaoelea majini. Wadudu hao wanakula mimea midogo inayoota kwa nguvu ya jua. Mchana, jua likiwa kali, wadudu wanashuka mahali penye giza ili wasionekane na adui. Ndakala naye anashuka. Jua likizama, wadudu wanapanda kula, na ndakala anapanda nyuma yao. Nyuma ya ndakala anapanda mikebuka, ambaye chakula chake ni ndakala.

Basi kila jioni msafara mzima unatoka chini kuja juu, na asubuhi unarudi. Ndiyo sababu kazi ya mvuvi wa ndakala inafanyika usiku.

4. TAA INAFANYA NINI?

Wazee hawakungoja mzungu ili wajue kwamba samaki anafuata mwangaza. Zamani walikuwa wanawasha moto wa kuni au majani makavu kwenye mtumbwi, na kuchota samaki kwa lusenga, ule wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 zilienea taa za mafuta za kupampu. Wakati uleule Wagiriki walianzisha uvuvi wa vyombo vikubwa vyenye nyavu za kuzungusha, na uvuvi wa mitumbwi iliyofungwa pamoja ukaanza kuenea. Siku hizi taa za mafuta zinaachwa kidogo kidogo. Wavuvi wanatumia taa ndogo za umeme zenye batri, ambazo mchana zinajazwa kwa pano za jua.

Mwangaza unakusanya wadudu karibu na uso wa maji, na ndakala anakuja kula. Tena ndakala ni samaki wa kundi. Wakianza wachache kuzunguka taa, wengine wanafuata, kundi linakua. Mikebuka akiona kundi, naye anasogea. Mvuvi hapigi mbio kutafuta samaki katika ziwa zima. Anawaita waje alipo.

5. KAZI YA USIKU MMOJA

Hapa tueleze namna kazi inavyoendeshwa na kikundi chenye mitumbwi miwili.

Kwanza mitumbwi inafungwa pamoja kwa miti mirefu, ikiacha nafasi katikati. Kabla ya jua kuzama wanatoka, kwa kasia au kwa mota, mpaka mahali penye kina. Giza likiingia wanawasha taa zilizotundikwa juu ya maji. Wavu ambao ni kama mfuko mkubwa unateremshwa katikati ya mitumbwi makumi ya meta, mdomo ukitazama juu.

Kisha wanangoja. Kungoja huko ni sehemu kubwa ya kazi. Wanaangalia maji: yakianza kumetameta kama fedha chini ya taa, ndakala zimefika. Hapo taa za pembeni zinazimwa au zinasogezwa, ili kundi libane katikati juu ya wavu. Halafu mkubwa wa mtumbwi anatoa amri, na wote wanavuta kamba pamoja. Wavu unapanda, samaki wanajikuta ndani ya mfuko. Wakipata bahati na usiku ukiwa mtulivu, wanaweza kuteremsha wavu mara mbili, tatu au zaidi mpaka alfajiri.

Kazi hii si mchezo. Upepo unaweza kuanza ghafula usiku, hasa wakati wa mvua, na mawimbi ya ziwa letu tunayajua. Mtu anayefanya kazi bila jile ya kuokoa maisha anacheza na roho yake. Familia zinazolia kila mwaka juu ya ajali ya ziwani zinafahamu maana ya neno hili.

Asubuhi kazi ya wanaume inaisha, na ya mama inaanza. Ndakala inaoza upesi. Inapaswa kuuzwa mbichi saa zileile, au kuanikwa. Kilo 3 mpaka 4 za mbichi zinatoa kilo 1 ya kavu. Ikianikwa juu ya mchanga inashika mchanga na uchafu. Ikianikwa juu ya chanja iliyoinuliwa, upepo unapita chini na juu, inakauka mapema na inauzwa bei nzuri. Kutoka hapa inapanda treni, kwa njia ile ya reli iliyofika mji huu mwaka 1915, inaelekea Kabalo na mbele, mpaka Katanga na Kasai. Watu ambao hawajaona ziwa hata siku moja wanakula matunda ya taa zetu.

6. KWA NINI MWEZI UNAKATAZA?

Sasa jibu la mama wa sokoni ni rahisi. Taa inavuta samaki kwa sababu kila mahali pengine ni giza. Washa mshumaa ndani ya chumba chenye giza, kila mtu atageuka kuutazama. Washa mshumaa uleule nje saa sita ya mchana, hakuna atakayeuona. Mwezi ukiwa mzima, ziwa lote lina mwangaza. Taa ya mvuvi inakuwa mshumaa wa mchana. Samaki wanatawanyika, hawakusanyiki tena mahali pamoja.

Mwezi mzima unachomoza karibu wakati jua linapozama, na unazama jua likichomoza. Usiku wote umeharibika. Lakini kila siku mwezi unachelewa kuchomoza, karibu dakika 50. Siku 5 baada ya mwezi mzima, giza linadumu tangu jioni mpaka saa nne za usiku hivi (22 h), basi mvuvi anapata masaa machache ya kazi. Siku zinavyopita, giza linaongezeka, mpaka mwezi unapokufa kabisa na usiku wote ni wa taa. Mwezi mpya ukianza, hesabu inarudi nyuma: jioni kuna mwezi, na giza linakuja baadaye.

Ndiyo sababu mvuvi mwenye akili anatazama mbingu kabla ya kununua mafuta. Juma la mwezi mzima si juma la uvivu. Ndipo nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, na watu wanalala usingizi wa usiku.

7. UPEPO NI MBOLEA

Msimu pia una maneno yake. Kuanzia Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu. Unasukuma maji ya moto ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda kushika nafasi. Maji hayo yamebeba rutuba iliyolala chini, na rutuba hiyo ni mbolea ya ziwa. Mimea midogo inaota, wadudu wanaongezeka, ndakala wanashiba na kuzaa. Upepo ukiacha, maji yanarudi na kuyumbayumba kama maji ya beseni ulilolisukuma.

Sasa, hewa ya dunia inazidi kupata joto, na maji ya juu ya ziwa nayo yanazidi. Yakizidi joto yanazidi wepesi, na upepo unashindwa kuyachanganya vizuri na ya chini. Mbolea inabaki imefungwa. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba kwa sababu hiyo mimea midogo ya ziwa letu imepungua karibu 20 kwa 100, na kwamba jambo hilo linaweza kupunguza samaki karibu 30 kwa 100.

8. JE, SAMAKI WANAWEZA KUISHA?

Turudi kwa lile neno: "Ziwa ni kubwa." Kule Marekani kuna ziwa Michigan. Eneo lake ni km² 58 000 karibu, maana yake linalipita letu sana kwa upana. Lilikuwa limejaa touladi, wale wa barafu tuliowataja. Watu wakavua bila kipimo. Kisha akaingia kupitia mifereji mnyama mmoja wa maji, mwembamba kama nyoka, anayenyonya damu ya samaki. Kabla miaka ya 1950 haijaisha, touladi wa asili wa ziwa Michigan walikuwa wamekwisha. Ziwa kubwa vile! Katika ziwa Superior, jirani yake, walipungua sana lakini hawakuisha. Ilibidi serikali kupunguza uvuvi, kupanda samaki wachanga, na kupigana na yule mnyama kwa miaka mingi, mpaka samaki wakarudi.

Kwetu, katika miaka ya 1990, wataalamu walikadiria kwamba ziwa zima linatoa tani 165 000 mpaka 200 000 kwa mwaka. Hesabu ya mwaka 2011 ilikuta wavuvi karibu 95 000 katika nchi zote 4. Kila mwenye mtumbwi anaongeza taa, kila mwenye taa anataka wavu mrefu zaidi. Na wote wanavua katika zile etaji mbili za juu.

Jambo baya kupita yote linafanyika karibu na ufuko. Ndakala na lumbu wachanga wanakua kwenye maji ya pembeni. Mtu akikokota pale wavu wa matundu madogo mno, au chandarua cha mbu, anabeba watoto kabla hawajazaa. Ni sawa na mkulima anayepika mbegu.

Lakini tuna neno la tumaini. Touladi anachelewa kukomaa, anahitaji miaka mingi. Ndakala anaishi mwaka mmoja hivi, na anazaa akiwa bado mdogo, akifika sm 7 karibu. Ukimwacha miezi michache anaongezeka upesi. Ndiyo sababu, kufuatana na mapatano ya Desemba 2021, nchi zetu 4 zilikubaliana kufunga uvuvi miezi 3, tangu katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024. Mapatano hayo yanatoka katika ule mkataba wa 2003 uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura.

Kweli, miezi 3 bila uvuvi ni njaa kwa nyumba isiyo na shamba. Mvuvi mwenye watoto 6 hawezi kula mkataba. Kwa hiyo wale wanaosema "tufunge" wanapaswa kusema pia "tule nini". Na wale wanaosema "tusifunge kamwe" wanapaswa kutueleza watoto wao watavua nini.

9. SISI WANAFUNZI TUFANYE NINI?

Hatuna mamlaka juu ya ziwa, lakini tuna rula na daftari. Ukitumwa sokoni, chukua ndakala 100 kutoka beseni moja na uzipime kabla ya kuzipika. Andika tarehe, hali ya mwezi, na ngapi zimefika sm 7. Fanya hivyo kila mwezi. Darasa moja likifanya kazi hii mwaka mzima, tutajua kama beseni letu limejaa samaki wazima au watoto. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tena, ukiwa na baba, kaka au mjomba mvuvi, mweleze habari ya nyumba ya etaji 15 kwa heshima. Atakufundisha mengi juu ya upepo na taa ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Wewe utampa hili moja: kwamba chini ya wavu wake hakuna ghala lingine la samaki. Wale anaowaona kwenye mwangaza, pamoja na watoto wao walio pembeni, ndio samaki tulio nao.

MASWALI YA KUFIKIRI
1. Kwa nini barafu inaelea juu ya maji, na ingekuwa namna gani kwa touladi kama ingezama?
2. Leo ni siku ya 8 baada ya mwezi mzima. Piga hesabu: mvuvi ana masaa mangapi ya giza kabla mwezi haujachomoza?
3. Taa za umeme zina bei ndogo ya kazi kuliko taa za mafuta. Je, ni faida kwa mvuvi tu, au ni hatari pia kwa ziwa? Toa sababu.